Dampa ya Shemeji

Mimi ni fundi plasta. Watu wakisikia hivyo huniuliza bei ya kupiga lipu chumba kimoja, nami huwajibu kwamba plasta yangu ni ya mifupa, si ya kuta. Nina miaka kumi na tisa katika chumba cha plasta cha hospitali yetu: meza moja, beseni la maji ya vuguvugu, makabati mawili ya bandeji, na msumeno wa umeme ambao kila mgonjwa anadhani utamkata mkono. Haukati mkono. Nimelisema hilo mara nyingi kuliko nilivyolitaja jina langu.

Mke wangu ni mkaguzi wa mizani. Anazunguka madukani, maghalani na kwenye vituo vya mafuta kuhakikisha kwamba kilo ni kilo na lita ni lita. Ofisi yao ina gari moja kwa wakaguzi watano, na gari lenyewe linashinda gereji. Kwa hiyo, akiwa na miaka arobaini na sita, mwaka mmoja baada ya binti yetu wa mwisho kwenda bweni, alisema atatafuta pikipiki. Nilitegemea pikipiki ya kawaida, ile ya kubebea kreti za soda. Akarudi na ya spoti, nyekundu, imepita mikono ya watu wawili kabla yake, imeinama mbele kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Ya nini hii?" nikamuuliza.

"Ya kwenda kazini."

"Kazini kwenu kuna nini kinachokimbia hivi?"

"Wauzaji," akanijibu, akaingia ndani kuvua kofia.

Bosi wake naye alilalamika. Alisema wenye maduka wanamsikia mke wangu tangu njia panda, wanapata dakika tano nzima za kurekebisha mizani yao. "Basi imerekebishwa," mke wangu akamwambia, na malalamiko yakaishia hapo.

Aliendesha miezi saba bila shida. Halafu Jumatano moja alirudi nyumbani, akaegesha, akanawa mikono, akala, akamaliza, akaweka kijiko kando ya sahani, ndipo akasema:

"Leo usukani umetikisika."

"Umetikisikaje?"

"Kushoto kulia, kushoto kulia, haraka haraka, kama mbwa anayejikung'uta maji. Barabara ile iliyonyooka baada ya kiwanda cha saruji, pale lami mpya inapokutana na ya zamani. Sekunde tatu."

"Umejuaje ni tatu?"

"Nilihesabu."

"Ukafanya nini?"

"Nikalegeza mikono, nikapunguza mafuta polepole, ukaacha wenyewe. Chai ipo?"

Nikamletea chai. Nikamuuliza alikuwa na mwendo gani, akasema mia na kumi, kwa sauti ile ile anayosomea uzito wa gunia.

Mtu mwingine akisikia habari kama hiyo huona picha ya ajali. Mimi huona mifupa, mmoja mmoja, kwa mpangilio. Kwanza kifundo cha mkono, kwa sababu kila anayeanguka hutanguliza mkono. Halafu mtulinga, ule mfupa wa kutoka shingoni hadi begani. Halafu muundi wa mguu, kama pikipiki imemlalia. Kesho yake nilifunga watu kumi na mmoja, wanne kati yao wa pikipiki, na wote wanne niliwauliza kama usukani ulitikisika kwanza. Wawili hawakukumbuka. Mmoja alisema yeye aligonga ng'ombe. Wa nne aliniuliza kama hilo swali limo kwenye fomu.

Halikuwemo. Jumamosi nikamwita shemeji.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Anauza magodoro. Zamani alikuwa mwendesha pikipiki wa kutisha, mpaka wiki moja kabla ya harusi yake, mchumba alipomwambia achague, yeye au pikipiki. Alichagua vizuri, mkewe ni mwanamke wa maana, mfamasia, na wanapendana. Lakini tangu siku hiyo shemeji huongea habari za pikipiki kama mtu anayeongelea nchi aliyohama.

"Dampa," alisema kabla sijamaliza kueleza. "Dampa ya usukani. Dada hana dampa?"

"Ni nini hiyo?"

"Ni shokapu ndogo, inalala hapa juu. Kichwa kimoja kinashika fremu, kingine kinashika usukani, ndani kuna mafuta. Ukigeuza usukani kistaarabu, mafuta yanakupisha. Usukani ukitaka kufanya fujo, yanaukatalia. Umeshaona ule mlango wa benki usiokubali kubamizwa? Ndiyo hiyo."

Nilifikiri maelezo yale yametosha kumaliza mjadala. Mke wangu alikuwa amekaa mezani anapanga mawe yake ya kupimia kwenye sanduku, kutoka kubwa kwenda dogo. Hakuinua kichwa.

"Sitaki," akasema.

"Dada, wanaoshindana wote wanazo."

"Mimi sishindani. Mimi nakwenda kukagua pampu."

"Ni usalama tu," nikasema mimi.

"Sikilizeni." Akafunga sanduku. "Mizani ikiyumba, sifungi uzi kwenye mshale wake halafu nikasema imetulia. Natafuta kwa nini inayumba. Nimeshaongea na Fundi Taratibu, ataifungua aione. Ana foleni, amenipa siku ya kumi na tisa kuanzia leo. Mpaka hapo sizidishi themanini."

Fundi Taratibu ndiye fundi wa pikipiki anayeaminika kuliko wote upande wetu. Jina hilo limetokana na jibu analompa kila mteja anayemuuliza kazi itakwisha lini.

"Siku kumi na tisa ni nyingi," nikasema.

"Na themanini ni ndogo," akasema mke wangu. "Zinakutana."

Shemeji alipotoka nilimsindikiza hadi getini. Hapo akasita, akaangalia huku na huku kama mtu anayetaka kuuza simu ya wizi.

"Shemeji, ninayo moja."

"Moja nini?"

"Dampa. Yangu ya zamani. Niliuza pikipiki, ila hiyo niliifungua nikabaki nayo. Iko chini ya kitanda." Akakohoa. "Mke wangu anadhani ni pampu ya baiskeli."

Jumatatu iliyofuata gari la ofisi lilitoka gereji ghafla, na mke wangu akapelekwa siku mbili kukagua mizani ya malori, mbali, barabara kuu. Pikipiki ikabaki uani. Jumanne nilikuwa na siku ya mapumziko. Shemeji alifika saa nne asubuhi na dampa imeviringishwa kwenye foronya. Aliifungua kwa vidole viwili, kona moja moja. Ilikuwa kitu kizuri kweli, ya rangi ya dhahabu, ndefu kama kiganja na kifundo cha mkono, na mwisho wake kuna kitufe cha kuzungusha.

Kazi ilichukua saa tatu. Yeye alifunga, mimi nilimshikia tochi, ingawa ilikuwa mchana wa jua kali. Aliniomba nishike na nikashika. Nadhani sote wawili tulihitaji nami niwe na kazi. Alipomaliza alizungusha usukani kushoto, kulia, akafumba macho, na kwa muda kidogo akawa hayupo pale uani kwetu.

"Sasa sikiliza," akasema aliporudi. "Ina tik ishirini. Sifuri ni laini, kama haipo. Ishirini ni chuma, hiyo ni ya wendawazimu. Mimi naiweka kumi, katikati, kwa kuanzia. Dada ataipunguza mwenyewe akitaka."

Akazungusha, tukahesabu wote: tik kumi. Akaaga, akaondoka na foronya yake.

Sijui nikieleze vipi kilichofuata ili nionekane mtu mwenye akili. Nilibaki peke yangu uani. Nikashika usukani, nikauzungusha, nikaona bado unazunguka kirahisi. Nikazungusha kitufe. Tik ya kumi na moja. Nikajaribu tena usukani, ukawa mzito kidogo, na uzito ule ukaniingia moyoni kama habari njema. Tik ya kumi na mbili. Kila tik nilihisi nimemwokolea mfupa mmoja. Kumi na tatu, mtulinga. Kumi na nne, muundi. Nilipofika ishirini kitufe kikagoma, nami nikakisukuma kidogo tena, endapo kuna ishirini na moja.

Haikuwepo. Nikaingia ndani nikapika.

Jumatano jioni mke wangu alirudi. Aliiona dampa kabla hata hajaweka mkoba chini. Akasimama mbele ya pikipiki, mimi nyuma yake.

"Hii ni ya mdogo wangu," akasema.

"Ndiyo."

"Akauza pikipiki, akabaki nayo hii."

"Chini ya kitanda."

Akaigusa kwa kidole. Nilimwona usoni, na ule uso haukuwa wa hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Nilisema sitaki."

"Ulisema."

"Nanyi mkakaa mkaona mnafunga tu."

"Tulikuwa na hofu," nikasema. "Yaani mimi. Yeye alikuwa na furaha."

Akaweka mkoba chini. "Haya. Nitaijaribu wiki moja. Ikinisumbua, inatoka, na hamtaniambia kitu. Imewekwa ngapi?"

"Katikati," nikasema.

Nimeishi katika ndoa miaka ishirini na miwili na mkaguzi wa vipimo, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumpa kipimo cha uongo. Alikipokea bila kukikagua. Mizani ya watu wote huikagua, hata ya mama yake mzazi, lakini nilichomwambia mimi alikichukua kama kilivyo, akabeba mkoba wake akaingia ndani.

Alhamisi akaenda kazini. Ijumaa akaenda. Jioni nilimuuliza inakwendaje, akasema usukani mzito mzito, labda atazoea. Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo, nikamuuliza kama ataongeza mchuzi.

Jumatatu, muda mfupi kabla ya mchana, nilikuwa namalizia kusafisha meza baada ya mgonjwa wa kumi na tatu.

"Anayefuata," nikaita bila kugeuka.

Aliyeingia alikuwa mke wangu. Kofia ya pikipiki kwapani kulia, mkono wa kushoto umeninginizwa kwa kitenge shingoni, fomu na picha ya eksirei amezibana kwa meno. Nikazitoa mdomoni mwake.

"Mbona hukunipigia simu?"

"Ulikuwa na watu," akasema. "Mimi ni wa kumi na nne."

Nikamkalisha. Mikono yangu ilijua kazi, ikaendelea bila mimi. Niliinua picha kwenye taa: ufa mmoja mwembamba kama unywele, mwisho wa mfupa, upande wa dole gumba. Mfupa haukuhama. Kifundo cha mkono, kama nilivyokipanga, wa kwanza kwenye orodha.

"Umeumiaje?" nikauliza. Hilo limo kwenye fomu.

"Kwenye kituo cha mafuta. Nilikuwa nazunguka pampu ya pili ili niegeshe, mwendo wa mtu aliyebeba ndoo. Nikakata kushoto, usukani ukaenda. Nikataka kuurudisha, ukafikiria kwanza. Ulipomaliza kufikiria nilikuwa chini."

"Kulikuwa na watu?"

"Wauza mafuta wanne na meneja. Wamenisaidia sana, wameniletea na kiti." Akanyoosha vidole vya mkono mzima. "Pampu ya tatu nimeiandikia kosa vilevile. Inapunja."

Mkono uliovunjika leo haufungwi plasta kamili. Utavimba, na plasta haina huruma na uvimbe. Tunaweka nusu, kama ganda upande mmoja, tunazungushia bandeji laini, na baada ya siku kadhaa tunakamilisha. Nikalowesha, nikakamua, nikalaza ganda kwenye mkono wake, nikazungushia. Kisha nikaushika. Hiyo ndiyo sehemu watu hawaijui: plasta ikishawekwa, fundi lazima ashike mkono, katika mkao ule ule, mpaka ikauke. Ni dakika tano, wakati mwingine saba. Mgonjwa haendi popote, na fundi haendi popote.

Plasta ikaanza kupata joto. Maji yalidondoka kwenye beseni.

"Usukani umekuwa mzito tangu siku ya kwanza," akasema akiangalia ukuta. "Nikadhani ndivyo katikati ilivyo."

Nikaendelea kuushika mkono.

"Haikuwa katikati."

"Ilikuwa ngapi?"

"Ishirini."

"Kati ya ngapi?"

"Kati ya ishirini."

Akageuza macho kutoka ukutani akayaweka kwangu. "Nani kaiweka?"

"Mimi. Mdogo wako aliiweka kumi. Alipoondoka nikaimalizia."

"Kwa nini?"

"Nilidhani kadiri inavyokuwa ngumu ndivyo unavyokuwa salama."

Aliangalia mikono yangu ilivyoshika wake. "Mgonjwa akikuambia umkaze zaidi ili apone upesi, unamwambiaje?"

"Namwambia mkono utakufa."

"Kwa sauti gani?"

"Ya ukali kidogo."

"Basi chukulia nimesema kwa sauti hiyo," akasema. "Nimechoka."

Nje ya mlango, wa kumi na tano alikohoa ili tujue yupo.

"Nisamehe," nikasema.

"Imekauka?"

"Bado dakika mbili."

"Basi shika vizuri." Na hakuutoa mkono. Akaongeza: "La kuifunga nimesamehe. Hata la kuikaza. La kuniambia katikati, bado."

Shemeji ndiye aliyekwenda kuichukua pikipiki kule kituoni. Alipunguza dampa hadi tano, akaileta nyumbani. Kutoka kituoni hadi kwetu ni kilomita nne. Alitumia saa moja na dakika arobaini. Hakuna aliyemuuliza kitu, hata mke wangu, ambaye angeweza.

Wiki zile nyumbani hapakuwa na kelele. Mke wangu alikula, alicheka na binti zetu kwenye simu, aliniomba nimfunge vifungo vya mgongoni. Kilichobadilika ni kimoja. Nikimwambia saa mbili na robo, alikuwa anainua macho kwenye saa ya ukutani. Nikimwambia mvua imekwisha, alikuwa anatoa mkono dirishani. Hakufanya kwa kunikomoa. Alifanya kama anavyofanya madukani, kwa adabu, akiniacha nimalize sentensi kwanza.

Siku ya kumi na tisa ilipofika, yeye mwenyewe akiwa na plasta kamili, tulikwenda kwa Fundi Taratibu, shemeji juu ya pikipiki, sisi nyuma kwa teksi. Karakana yake ni banda la mabati, safi kuliko chumba changu cha kazi. Kila spana imechorewa umbo lake ukutani kwa chaki, ili isipokuwepo aone kivuli chake. Alizunguka pikipiki mara mbili, akasimama kwenye dampa.

"Nani kafunga hii?"

Shemeji akaangalia mabati.

"Imefungwa vizuri," fundi akasema, na macho ya shemeji yakashuka kutoka mabatini. "Lakini naitoa kwanza."

Akaitoa. Akainua gurudumu la mbele likaning'inia hewani, akachuchumaa, akashika shokapu mbili za mbele kwa mikono yote, akasukuma na kuvuta. Ndani ya shingo ya pikipiki kukasikika mlio: kok. Akarudia. Kok.

"Umesikia?" akamuuliza mke wangu.

"Nimesikia."

"Beringi za shingo. Zimelika na nati imelegea. Na tairi hili limeisha katikati, limekuwa bapa. Ukipita kwenye kiungo cha lami na vitu viwili hivi, lazima ikatae kwa kichwa."

"Kwa hiyo dampa haina kosa," akasema shemeji.

"Haina. Ila pikipiki ilikuwa inawaambia inaumwa, nyie mkaifunga mdomo."

Mke wangu aliniangalia tu, kama sekunde tatu. Safari hii nilihesabu mimi.

Beringi zilibadilishwa, tairi likabadilishwa, taratibu, siku tisa. Tulipokwenda kuichukua mke wangu alimuuliza fundi swali lenyewe: afunge dampa au asifunge?

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa kidole kwa kidole. Ni mtu wa maneno machache, na nadhani siku ile alitumia ya wiki nzima. "Mtu anayekwenda mia na themanini kwenye njia mbovu, namwambia funga, tena jana. Wewe unakwenda tisini, kazini na kurudi. Pikipiki ikiwa nzima, huihitaji. Ukiipenda, ifunge, lakini kidogo, tik tatu, nne, halafu uisahau. Ila siku ukiona inatikisika tena na dampa ipo, usikaze. Niletee."

"Nikileta utaiangalia lini?"

"Taratibu," akasema fundi.

Mke wangu alimshukuru, lakini hakuamua. Yeye haamui kwa maneno ya mtu, hata mtu anayemheshimu. Wiki ya sita nilimkata plasta mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa mgonjwa hakuniuliza kama msumeno utamkata mkono. Mkono ulitoka mwembamba, umepauka, na vinyweleo kama wa mtu mwingine. Wiki nne akawa anaminya mpira wa tenisi, mia asubuhi na mia jioni. Halafu Jumapili moja asubuhi tulikwenda wote watatu kwenye barabara ya kiwanda cha saruji, pale kwenye kiungo cha lami.

Alitupanga. Shemeji na spana zake, mimi na daftari. Akapita mara nne bila dampa, mwendo wa tisini, kwenda na kurudi. Kila alipopita juu ya kiungo nilishika pumzi, nikaiachia alipokuwa nukta. Kisha shemeji akafunga dampa, tik nne, akapita tena mara nne. Kisha tik kumi. Alipomaliza alikaa kwenye ukingo wa kalvati, akavua kofia, nywele zimelala kichwani, akaanza kunisomea na mimi nikaandika. Bila dampa: haikutikisika. Tik nne: haikutikisika, na kwenye mashimo ya kule mbele usukani umetulia kuliko mwanzo. Tik kumi: haikutikisika, lakini mzito wakati wa kugeuza, hapana.

"Ukweli ni kwamba haihitajiki," akasema.

Shemeji alitikisa kichwa kukubali. Alianza kuitoa, polepole, na alipoishika mkononi aliipangusa vumbi kwa shati lake, akiwa ametugeuzia mgongo.

Mke wangu alimtazama. "Ila kwenye mashimo ni nzuri," akasema. "Nami mashimo nayapita kila siku. Irudishe. Nne."

Sijawahi kuona mtu akifunga boliti mbili haraka vile.

Jioni ile mke wangu alitoka uani na chupa ya rangi ya kucha ya binti yetu, akachuchumaa, akachora mstari mmoja mwembamba, kuanzia kwenye kitufe hadi kwenye mwili wa dampa. Mtu akizungusha hata tik moja, mstari unakatika na kila mtu anaona.

"Sio kwamba nina wasiwasi na mtu," akasema, akipuliza rangi ikauke. "Ni utaratibu."

"Naelewa," nikasema. "Na lile la katikati?"

"Linakwenda vizuri," akasema, na akapuliza tena.

Kama wiki tatu baadaye, asubuhi, alikuwa mlangoni anavaa glavu, akauliza saa ngapi. Nikamwambia saa moja kasoro ishirini. Hakuinua macho ukutani. Alichukua kofia akatoka. Mimi ndiye niliyeangalia ukutani, na mshale ulikuwa umeshapita kidogo, kwa hiyo nikatoka mbio na kanga kiunoni hadi getini, nikamfikia anawasha.

"Kasoro kumi na nane!" nikapiga kelele juu ya mlio wa injini. "Si ishirini, ni kumi na nane!"

Alinyanyua mkono wa kushoto, ule uliopona, akaondoka. Jirani aliyekuwa anafagia aliniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna.

Shemeji sasa anakuja kila Jumamosi kuikagua dampa, yaani kuiosha pikipiki nzima, hata sehemu zisizochafuka. Jumamosi iliyopita alikuja na mkewe. Yule mfamasia alisimama uani na pochi mkononi, akaizunguka pikipiki mara moja, akaikazia macho dampa.

"Hii si ile pampu ya baiskeli?" akauliza.

Shemeji alisugua kioo cha pembeni kwa bidii kubwa.

"Ndiyo hiyo, wifi," mke wangu akajibu kwa niaba yake.

"Hm." Akazunguka tena. "Na inakwenda?"

"Inakwenda. Kuna kofia nyingine ndani."

Nilitegemea aseme hapana asante. Alinikabidhi pochi yake, akaingia ndani, akatoka na kofia kichwani, akauliza mguu unawekwa wapi. Dakika moja baadaye yeye na mke wangu hawakuwepo. Tulibaki mimi na shemeji, yeye na kitambaa chenye povu, mimi na pochi ya mkewe, tukisikiliza mlio ukipita njia panda, ukipungua, ukibadilisha gia.

"Wamekwenda upande gani?" akauliza shemeji.

"Wa kiwanda cha saruji."

Akakaa kwenye ngazi. Nami nikakaa. Baada ya muda akaniuliza kama nadhani watakwenda zaidi ya tisini, nikamwambia sijui, na huo ulikuwa ukweli.